Koki nyuma ya bega: kisa cha ndege ya John Denver

Kila dereva wa bodaboda anaijua dalili ile. Pikipiki iko barabarani, mara inaanza kukohoa, inavuta na kuacha. Hababaiki. Anashusha mkono wa kushoto chini ya tenki, pale karibu na goti, anageuza koki kwenye rizavu, safari inaendelea. Abiria nyuma pengine hana habari. Mkono wa kulia haujaachia eksileta, macho hayajatoka barabarani.

Jioni ya Jumapili, tarehe 12 Oktoba 1997, rubani mmoja juu ya Ghuba ya Monterey, California, alitakiwa kufanya jambo hilohilo. Tenki lililokuwa likilisha injini lilikuwa limefika mwisho, na la pili bado lilikuwa na mafuta. Kazi iliyobaki ilikuwa kugeuza koki. Lakini koki yake ilikuwa nyuma ya bega la kushoto, mgongoni, mahali ambapo hakuweza kuiona wala kuifikia bila kwanza kuacha kuendesha ndege. Muda mfupi baadaye ndege iliingia baharini pua ikiwa chini, karibu na Point Pinos, Pacific Grove, na rubani akafa.

Rubani huyo alikuwa John Denver, mwimbaji wa Marekani, umri wake miaka 53. Kwa wapenzi wa muziki wa kantri, na Kenya wako wengi sana, jina hilo halihitaji utambulisho. Wengi hawajui kwamba kuruka na ndege lilikuwa penzi lake la pili. Alikuwa amefikisha zaidi ya saa 2,700 angani, ana leseni ya ndege za injini zaidi ya moja, ameruka na ndege zisizo na injini, na alikuwa na ithibati ya kuendesha Learjet, yaani jeti. Tusimweke kwenye kundi la tajiri aliyenunua kichezeo asichojua kukitumia.

Kisa hiki husimuliwa kwa sentensi moja: mtu maarufu alisahau kujaza mafuta. Mimi naona sentensi hiyo imemwonea marehemu na imewanyima wasomaji kilicho muhimu zaidi. Nikiufuata uchunguzi hatua kwa hatua, naona kasoro ambayo watu walioikaribia ndege ile waliiona kwa macho, wakaigusa kwa mikono, wakaizungumza kwa sauti, kisha wakatafuta namna ya kuishi nayo.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo kwa Kiswahili cha kila siku tunayaita yote "kuishiwa mafuta". Kuna ndege kuishiwa kabisa, matenki yote makavu. Watu wa pwani yetu wanakumbuka tarehe 23 Novemba 1996, Boeing 767 ya Ethiopian iliyotekwa ikitoka Addis Ababa kwenda Nairobi: watekaji walimlazimisha rubani aelekee Australia, mafuta yakaisha, ndege ikaangukia baharini karibu na ufukwe wa Ngazidja, Komoro, na watu 125 kati ya 175 wakafariki. Pale hapakuwa na hata tone la kugeuzia koki. Na kuna injini kunyimwa mafuta ilhali ndegeni mafuta yamo: koki imefungwa, imeelekezwa tenki lililokauka, au uchafu umeziba njia. Kisa cha Denver ni cha aina hii ya pili. Ndiyo maana hoja yangu haiishii kwenye swali la kwa nini hakujaza.

Sasa ndege yenyewe, kwa sababu bila kuielewa huwezi kuelewa alichokuwa akipambana nacho.

Iliitwa Long-EZ. Aliyeibuni ni Burt Rutan, mhandisi wa jangwa la Mojave, California, na ya kwanza iliruka 1979. Haikuwa ndege ya kununua kiwandani. Rutan aliuza ramani, na mwenye ramani akajijengea ndege yake nyumbani kwa povu gumu lililofunikwa nyuzi za kioo na gundi. Umbo lake linamshangaza anayeiona mara ya kwanza: vibawa vidogo viko mbele puani, bawa kubwa liko nyuma, na injini pamoja na rafadha, yaani pangaboi lake, viko nyuma kabisa, vinasukuma badala ya kuvuta. Ikiegeshwa, gurudumu la mbele hukunjwa na ndege huinamisha pua mpaka chini, kama ng'ombe aliyepiga magoti. Rubani anakaa nusu amelala, miguu imenyooka mbele, abiria mmoja nyuma yake. Fimbo ya kuongozea haiko katikati ya miguu, iko pembeni mkono wa kulia. Hapo ni pa kukumbuka: mkono wa kulia ndio unaorusha ndege.

Mafuta yako kwenye matenki mawili, moja kila upande, pale bawa linapoungana na mwili. Kila moja lina nafasi ya galoni 26, kama lita 98. Hakuna nafasi ya koki inayoruhusu kunywa kutoka yote mawili kwa pamoja. Ama unatumia la kushoto, ama la kulia. Kwa hiyo kubadili tenki ni sehemu ya kawaida ya kila safari ndefu, sawa na kubadili gia.

Ramani ya Rutan iliweka koki mbele, katikati ya miguu ya rubani, mahali pa kuonekana na kufikika. Aliyeijenga ndege hii (siye Denver, aliyekuwa mmiliki wa baadaye) aliamua vingine. Hakutaka mabomba ya mafuta yapite kwenye chumba cha rubani. Valvu, yaani koki yenyewe, akaiweka nyuma karibu na injini, akaiunganisha kwa fito ndefu hadi kwenye mpini uliotokeza ukutani, nyuma ya bega la kushoto la rubani.

Tusimcheke. Hofu ya mafuta kuvuja miguuni pa rubani na kushika moto ni hofu halali, na sheria ya ndege za kujijengea inampa mjenzi uhuru wa kubadilisha. Alijibu tatizo moja la kweli. Alilozaa ni jingine.

Mpini ule haukuwa na alama yoyote. Haukuandikwa kushoto, kulia, wala kufunga. Na mwelekeo wake ulikwenda kinyume na akili ya kawaida: ukielekea kulia, injini inakunywa tenki la kushoto, ukielekea chini, tenki la kulia, ukielekea juu, mafuta yamefungwa. Mtu aliyeijenga ndege kwa mikono yake angeweza kukariri hayo. Mgeni, kwa kupapasa, mgongo ukiwa umegeuzwa na injini imenyamaza?

Vipimo vya mafuta navyo. Vilikuwa mirija ya kuonea, yaani sehemu angavu ya ukuta wa tenki ambapo unaona mafuta yamefika wapi. Vilikuwa kwenye kiti cha nyuma. Rubani akiwa peke yake haoni kitu. Havikuwa na alama za kiwango. Isitoshe, tenki limefuata umbo la bawa, halijanyooka kama ndoo, kwa hiyo mafuta yakionekana yamefika robo ya kioo, haina maana kwamba ni robo ya tenki.

Denver aliichukua ndege hiyo Santa Maria, kusini mwa Monterey. Jumamosi ya tarehe 11 alipewa maelekezo ya ardhini na ya angani, jumla kama nusu saa, kisha akairusha hadi Monterey. Nusu saa, kwa ndege ambayo bawa liko nyuma, fimbo iko pembeni, na koki iko mgongoni. Aliyeendesha basi miaka 20 hahitaji kufundishwa usukani ni nini, lakini ukimkabidhi gari ambalo breki imewekwa nyuma ya kiti, ule uzoefu wake wote unaweza kumgeuka, maana mguu utakwenda ulikozoea.

Siku ya Jumapili, kabla ya kuondoka, alikuwa uwanjani na fundi. Mazungumzo yao ya dakika zile, kama fundi alivyowaeleza wachunguzi, ndiyo kiini cha kisa chote, na ningependa tukae hapo kidogo.

Walizungumza kuhusu koki. Wote wawili waliona haifikiki vizuri. Wakajaribu kuurefusha mpini kwa kuubana na koleo la kujifunga, lile linalong'ata na kubaki limeng'ata, ili liwe kama mkono wa nyongeza. Halikusaidia. Denver akasema ikibidi atawasha otopailoti, mtambo unaoendesha ndege wenyewe, iishike ndege sawa, huku yeye akigeuka kubadili tenki. Wakazungumza kuhusu vipimo. Kwa kuwa mtu wa mbele havioni, fundi akampa kioo, kioo cha kujitazamia, ili akiinue juu ya bega na kuchungulia mafuta nyuma yake. Denver akauliza yamebaki kiasi gani. Fundi akaangalia: tenki la kulia chini ya nusu, la kushoto chini ya robo. Aongezewe? Hapana, akasema, ataruka kama saa moja tu.

Nikifika hapa huwa nasimama. Katika sehemu nyingi za kisa unaweza kusema hakujua. Hapa kila kitu kilikuwa mezani. Koleo lilijaribiwa kwa sababu mkono haufiki. Kioo kilitolewa kwa sababu jicho halioni. Vitu viwili vya karakana vilikuwa vikisema wazi kwamba ndege hii haijawa tayari kwa mtu huyu, na vyote viwili vikapokelewa kana kwamba vimetatua jambo. Ukishapata njia ya kuzunguka kasoro, moyo hutulia. Kasoro iko palepale, lakini sasa ina jina dogo: "ah, hiyo unatumia kioo."

Tufanye hesabu aliyoweza kuifanya yeye. Injini ya ndege ile ilikuwa ya nguvu farasi 150, na injini za namna hiyo hula takriban galoni 8 kwa saa, kama lita 30. Sheria ya Marekani kwa safari ya mchana ambayo rubani anajiongoza kwa macho inadai uondoke na mafuta ya kufika uendako pamoja na akiba ya dakika 30. Saa moja na nusu, lita 45. Nusu ya tenki ni lita 49, robo ni lita 24 na ushei. Ukijumlisha, hata ukipunguza kwa sababu ya lile neno "chini ya", unaweza kujiambia yanatosha. Mimi naamini ndivyo alivyojiambia. Ila jumla hiyo ina sharti ndani yake: inatosha ikiwa utaweza kubadili tenki. Ukiliondoa hilo, una lita chache zisizojulikana za tenki moja, zilizopimwa kwa jicho kwenye kipimo kisicho na alama. Uamuzi wa kutojaza na tatizo la koki vilikuwa kitu kimoja. Matenki yangejazwa, asingehitaji kuugusa mpini ule jioni ile.

Aliondoka saa 11:12. Akazunguka uwanja, akafanya mazoezi matatu ya kugusa njia na kupaa tena, kisha akaelekea magharibi, baharini. Katika mazungumzo yake ya mwisho na mnara wa kuongozea ndege palikuwa na jambo la transponda, kile chombo kinachoitambulisha ndege kwenye rada. Hapakuwa na wito wa hatari. Saa 11:28 ilikuwa imekwisha. Dakika 16.

Wachunguzi walihoji mashahidi wapatao 20 waliokuwa nchi kavu. Wengi waliikadiria ndege kuwa kati ya futi 350 na 500, yaani mita 105 hadi 150 juu ya maji. Baadhi walisikia mlio kama wa kupasuka au sauti ya injini ikipungua. Kisha ndege ikajiinamisha upande na kushuka wima.

Urefu ule ni wa kufikiria sana. Ule mpango wa otopailoti ulimfaa mtu aliye juu, mwenye muda, anayebadili tenki kwa wakati aliouchagua mwenyewe. Kwenye futi 500, injini ikinyamaza, ndege ndogo haina hata dakika moja kamili kabla ya maji. Katika sekunde hizo rubani anafundishwa jambo la kwanza kabla ya mengine yote: endelea kuirusha ndege. Shusha pua, tunza mwendo, chagua pa kutua. Hata baharini, ndege iliyoshuka ikiwa imenyooka humpa mtu nafasi ya kutoka hai.

Sasa tazama alichotakiwa kufanya ili kufika kwenye koki. Wachunguzi wa NTSB, bodi ya Marekani inayochunguza ajali za usafiri, walilijaribu jambo hili kwenye ndege ya namna ileile. Waliona kwamba rubani lazima autoe mkono wa kulia kwenye fimbo. Afungue mkanda wa mabega. Ageuze kiwiliwili nyuzi 90 kwenda kushoto. Ndipo aufikie mpini na kuugeuza. Denver alikuwa pia amewekewa mto mgongoni ili miguu yake ifike kwenye pedali, na mto unaomsogeza mtu mbele unamwongezea umbali wa kitu kilicho nyuma yake.

Wakaona na jambo jingine, ambalo msomaji anaweza kulihakikisha sasa hivi kwenye kiti chake. Kaa, nyoosha miguu mbele, halafu jipinde kwa nguvu kushoto ukitafuta kitu nyuma ya bega la kushoto. Mguu wa kulia utasukuma sakafu wenyewe. Mwili unatafuta pa kujikita. Kwenye Long-EZ, mguu huo uko juu ya pedali ya usukani wa kulia, na ukiikanyaga, ndege inainua pua kidogo na kulalia kulia. Hakuna mkono kwenye fimbo wa kuirudisha. Macho yanatazama nyuma, hayaoni upeo wa bahari ukiinama.

Ripoti ilitoka mwanzoni mwa 1999. Chanzo kikuu walichokiandika ni kwamba rubani aliondoa akili yake kwenye uendeshaji na kukanyaga pedali ya kulia bila kukusudia, wakati akijaribu kugeuza koki. Wakaweka pia kutojiandaa vya kutosha kabla ya safari, hasa kutojaza mafuta. Halafu wakataja vilivyochangia: uamuzi wa mjenzi kuweka mpini usio na alama mahali pagumu kufikika, vipimo visivyo na alama, mafunzo pungufu ya kuhamia ndege hiyo, na uzoefu mdogo wa rubani kwa aina hiyo.

Mpangilio huo una mantiki ya kisheria, aliyeshika fimbo ndiye wa mwisho kuwajibika. Hata hivyo ningeupanga kinyume kama ningekuwa namwandikia mtu anayejenga au kununua ndege. Huwezi kumlaumu mtu kwa mguu kusukuma pale ulipojikita. Huo ni mwili. Unaweza kuuliza kwa nini koki iliwekwa mahali panapodai mwili ufanye hivyo. Ingia kwenye Cessna 172, ndege ambayo marubani wengi wa Afrika Mashariki wameanzia: koki iko sakafuni kati ya viti viwili, ina maandishi makubwa, na ina nafasi ya kunywa kutoka matenki yote mawili. Ingia kwenye Piper Cherokee: iko ukutani kando ya mguu wa kushoto wa rubani, unaigeuza huku unatazama mbele. Hayo hayakuja kwa bahati. Viwanda vinabanwa na masharti ya usanifu ambayo mjenzi wa nyumbani hafungwi nayo kwa ukali uleule, na ndipo baada ya ajali hii bodi ilipopendekeza alama za mifumo ya mafuta zitazamwe kwenye ukaguzi wa ndege za kujijengea, na marubani wanaohamia ndege hizo wapate mafunzo ya kweli.

Kuna jambo moja ambalo magazeti yalilishika kuliko mengine yote. Denver alikuwa na historia ya kesi za kuendesha gari akiwa amelewa, na cheti chake cha afya ya rubani hakikuwa halali siku ile, kwa hiyo hakutakiwa kuwa angani kama rubani. Hilo ni kosa lake, na siwezi kulipaka rangi. Lakini vipimo vya mwili wake havikuonyesha pombe wala dawa za kulevya. Anayetaka kukiegemeza kifo chake kwenye chupa anaacha nyuma koki, kioo na koleo, na kesho mtu asiyegusa pombe maishani mwake ataingia kwenye ndege ya namna hiyo akidhani yuko salama.

Mabaki yalipotolewa majini, wachunguzi waliifungua valvu kuona imeelekezwa wapi. Haikuwa kwenye tenki la kushoto, wala haikuwa imefika sawasawa kwenye la kulia. Ilikutwa katikati. Mkono wake ulikuwa umeufikia mpini.